Simu ilijisasisha usiku, asubuhi gari likanikana

Mzee wa Waya, pokea salamu zangu.

Mimi ni dereva wa hizi teksi za kuitwa kwa simu, makao yangu ni Roysambu, Nairobi. Gari ninaloendesha ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2015. Redio yake ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani, maandishi ya Kijapani juu hadi chini, lakini miaka mitatu hatujawahi kukosana. Nikiwasha gari tu simu inashika, wimbo unaendelea pale ulipoachia.

Wiki tatu zilizopita nililala simu ikiwa kwenye chaji. Saa kumi na moja alfajiri nikaikuta imejisasisha yenyewe, sura imebadilika, hata saa imehamia pembeni. Wakati huo mteja alikuwa ameshaniita, wa kwenda JKIA, na safari ya uwanja wa ndege haichezewi. Simu ikaanza kuniuliza maswali: turuhusu hiki, turuhusu kile. Nikabonyeza bonyeza yote ili inipishe, nikaondoka.

Tangu siku hiyo sina amani. Muziki unatoka kwenye spika vizuri, ila jina la wimbo halionekani tena kwenye redio, na vile vitufe vya usukani vya kurusha wimbo vimekufa. Mama watoto akinipigia, sauti yake inajaa garini kama zamani, ila badala ya jina lake redio inaonyesha nambari tu. Balaa kubwa ni wateja. Mteja akinipigia kupitia programu ya teksi, au mtu yeyote akinipigia kwa WhatsApp, gari linanyamaza kabisa. Sauti inatokea kwenye simu yenyewe, nyembamba, na kwa kelele za Thika Road siambulii neno. Juzi mama mmoja alipiga kuniambia yuko geti la nyuma, mimi nikamngoja geti la mbele robo saa nzima. Akaghairi, nikabaki na mafuta niliyochoma.

Halafu kuna hili la Jumamosi. Nikimpeleka kijana wangu wa kidato cha tatu tuisheni, muziki unakatika katika njia nzima. Siku nyingine za juma hakuna shida hiyo.

Washauri ninao watatu, kila mmoja na lake. Fundi wa redio mjini alinisikiliza nusu tu, akasema redio imezeeka, haiwezi kuelewana na simu ya kisasa, niweke ya kioo kikubwa kwa shilingi 14,000 pamoja na kufunga. Mwenzangu wa stejini anasema nichomoe terminali ya betri dakika kumi ili gari lisahau. Shemeji yangu anataka tuifomati simu. Simu yenyewe ni ya Android, ya mkopo, bado ninalipa kila siku, na ndani yake kuna jumbe zangu zote za M-Pesa.

Nimfuate nani?

Dereva, Roysambu

*

Dereva wangu,

Usimfuate hata mmoja. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimepiga mstari chini ya maneno haya: “Nikabonyeza bonyeza yote ili inipishe.” Hapo ndipo gari lako lilipokukana, na tutarudi hapo.

Watu huizungumzia Bluetooth kana kwamba ni waya mmoja usioonekana, kwamba ama umeshika ama umekatika. Ingekuwa hivyo, fundi wako wa mjini angekuwa na haki ya kusikiliza nusu. Lakini kati ya simu na redio hupita njia kadhaa kwa pamoja, kila moja na mzigo wake. Moja hubeba mazungumzo ya simu, sauti ikienda na kurudi. Nyingine hubeba muziki, upande mmoja tu, kwa sauti safi zaidi. Iko ya majina, inayonakili kitabu chako cha simu kwenda redioni. Na iko ya amri, ambayo hupeleka jina la wimbo kwenye kioo na kurudisha agizo la kidole chako kutoka usukani. Chukulia ploti yenye milango minne: mmoja ukijifunga, wapangaji wa ile mitatu hawana habari.

Sasa rudia barua yako ukiwa na milango hiyo akilini. Muziki unatoka, basi mlango wa muziki uko wazi. Mama watoto anasikika, basi mlango wa mazungumzo uko wazi pia. Redio “iliyozeeka” inayobeba sauti ya mke wako bila shida itashindwaje na sauti ya mteja? Kwa redio, sauti ni sauti. Tofauti ya simu hizo mbili iko upande wako: moja inakuja kwa laini, nyingine inakuja kwa intaneti, ndani ya programu. Mgonjwa ni programu, na ugonjwa wake ni ruhusa.

Tangu Android 12, iliyotoka mwaka 2021, programu zilizoandikwa kwa mfumo huo na iliyofuata haziruhusiwi kugusa vifaa vya Bluetooth mpaka mwenye simu akubali. Ruhusa hiyo huitwa ya vifaa vilivyo karibu. Simu za kawaida haziombi, kwa sababu kupiga na kupokea ni kazi ya mfumo wenyewe. WhatsApp na programu ya teksi ni wageni, lazima zibishe hodi. Zilibisha alfajiri ile, nawe, ukiwaza uwanja wa ndege, ukazifungia. Sikulaumu. Vidirisha vile hutokea wakati mbaya kuliko yote, na maneno yake hayamwambii mtu kwamba akikataa hatamsikia mteja.

Fungua mipangilio, nenda kwenye orodha ya programu, chagua ile ya teksi, kisha ruhusa. Tafuta vifaa vilivyo karibu na uruhusu. Angalia na maikrofoni, isije ikawa nayo uliikataa katika haraka hiyo hiyo. Rudia kwa WhatsApp. Halafu mwombe mama watoto akupigie kwa WhatsApp ukiwa umeegesha, ukipokea ubonyeze alama ya spika kwenye kioo. Jina la gari lako likijitokeza kati ya machaguo, umepona kwa asilimia kubwa na hujatumia hata shilingi. Lisipojitokeza, iwashe simu upya ndipo ujaribu tena.

Nimesema ukiwa umeegesha na nimekusudia. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo, na kazi hii ya kuingia mipangilioni inakula macho kuliko hata kupokea simu. Tafuta pembe ya kituo cha mafuta, jitoe kazini kwenye programu nusu saa.

Nambari kuonekana badala ya jina ni mlango wa majina, na huo huenda uliufunga kwa kidole kile kile. Ingia kwenye ukurasa wa Bluetooth, bonyeza alama ya gia iliyo kando ya jina la gari. Utaona swichi kadhaa: ya simu, ya muziki, ya kushiriki majina na kumbukumbu za simu. Washa iliyozimwa. Redio itachukua dakika moja mbili kunakili majina, usiihangaishe.

Sasa jina la wimbo na vitufe vya usukani. Hapa ndipo sasisho lenyewe linapoingia, na ndipo watu wengi hukosea kwa kufanya nusu ya kazi.

Simu na redio zilipoanza kujuana miaka mitatu iliyopita, ziliandikiana mkataba. Nakala moja ikabaki kwenye simu, nyingine kwenye redio, na ndani yake kuna ufunguo wa siri pamoja na orodha ya mambo ambayo kila upande unayaweza. Sasisho likija, simu inaweza kuja na uwezo mpya au kubadilisha namna ya kuzungumza, huku redio ikiendelea kusoma nakala yake ya zamani. Ni sawa na mwenye ploti aliyebadilisha kitasa wikendi na mpangaji akarudi Jumatatu na ufunguo wa jana. Kilicho kigumu kwa mafundi wa haraka kuelewa ni kwamba ukifuta gari kwenye simu peke yake, umechana nakala moja tu. Redio bado inayo yake, na simu ikirudi itapokewa kwa mkataba ule ule mbovu.

Kwa hiyo futa pande zote mbili. Kwenye simu, alama ile ya gia, halafu usahau kifaa. Kwenye redio, ingia kwenye orodha ya simu zilizosajiliwa, uifute yako. Najua, maandishi ni ya Kijapani. Chukua simu ya mtu mwingine, fungua Tafsiri ya Google, elekeza kamera kwenye kioo cha redio, maneno yatageuka Kiingereza mbele yako. Si tafsiri ya kishairi, lakini neno “delete”, yaani futa, utalitambua. Ukiwa kwenye orodha hiyo hesabu ni simu ngapi zimo. Redio nyingi za kiwandani hushika tano hivi, na gari lililopita kwa madalali huwa na simu za watu ambao hutakutana nao maisha yako yote. Futa zote. Si zako.

Kisha zima gari, chomoa ufunguo, fungua mlango wa dereva na ungoje dakika mbili tatu. Redio nyingi hubaki macho kidogo baada ya ufunguo kutoka, na tunataka ilale kabisa. Izime simu na kuiwasha upya. Washa gari, oanisha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Redio ikiomba namba ya siri jaribu 0000 au 1234. Na simu ikikuuliza maswali safari hii, soma. Moja litakuwa la majina na jumbe. Kubali la majina. La jumbe ni hiari yako. Mimi hulikataa, sipendi redio inisomee habari za mikopo abiria akiwa nyuma.

Jina la wimbo likikataa hata baada ya hapo, limebaki jambo moja, nalo ni la wenye subira. Njia ile ya amri huitwa AVRCP, na ina matoleo: 1.3, 1.4, 1.5, 1.6. Simu iliyosasishwa inaweza kuanza kuzungumza toleo la juu ambalo redio ya 2015 hailimudu vizuri. Android hukuruhusu kuishusha. Nenda kwenye kuhusu simu, gusa mstari wa nambari ya muundo mara saba mpaka ikuambie umekuwa msanidi programu (hongera), halafu katika chaguo za wasanidi utafute toleo la AVRCP. Andika kwenye karatasi lililokuwepo, uchague la chini yake, uzime na kuwasha Bluetooth, ujaribu. Kama hakuna tofauti rudisha la mwanzo. Vingine vyote kwenye ukurasa huo uviache vilivyo, hata vikiwa na majina ya kuvutia. Na kwa kuwa simu ni ya mkopo, huenda aliyekukopesha ameufunga ukurasa huo. Ukikuta umefungwa, acha. Jina la wimbo halileti mteja.

Jumamosi imenichekesha. Kijana wa kidato cha tatu, njia nzima, muziki unakatika, halafu baba yake anashuku redio. Kuna mawili. Huenda simu yake nayo iliwahi kuoanishwa na gari, basi kila akiingia zinagombania kiti. Au anakuomba hotspoti, yaani intaneti ya simu yako. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na hotspoti za simu nyingi hutumia hayo hayo. Simu moja ikirusha vyote viwili kwa pamoja, huku kijana akivuta video, muziki ndio unaokosa pumzi. Jumamosi ijayo mwambie azime Bluetooth yake kutoka Roysambu hadi Muthaiga. Mkifika hapo aiwashe, nawe zima hotspoti safari iliyobaki. Utamjua mwizi kabla hamjafika Pangani. Akiwa ni hotspoti, angalia kama simu yako inakuruhusu kuihamishia kwenye gigahezi 5. Ikikataa, mnunulie bando lake.

Turudi kwa washauri wako. Wa betri ndiye hatari kuliko wote, na anasema kwa nia njema. Redio nyingi za kiwandani zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hasa zile zenye ramani, zina kinga ya wizi: umeme ukikatika kabisa, zikirudi zinaomba nambari ya siri au kadi ya ramani zilizokuja nayo. Kadi hiyo mara nyingi ilibaki Yokohama. Mimi mwenyewe, na miaka yangu yote ya kushika solda, niliwahi kumchomolea jirani terminali kwa kujiamini kabisa. Redio ikawaka na ujumbe wa Kijapani katikati ya kioo, ikakaa hivyo. Hakuna muziki, hakuna saa, hata kamera ya nyuma ikagoma. Kuifungua nililipa mimi, na kwa mwezi mzima kila nikikutana naye getini alikuwa akiniuliza saa ngapi. Ukitaka redio isahau, itumie menyu yake ya kufuta data. Betri iache.

Shemeji ana nguvu kupita kiasi. Kufomati simu ili kurekebisha Bluetooth ni kuhamisha familia kwa sababu bomba la jikoni linavuja. Kama yote niliyoeleza yangeshindikana, kuna hatua ya katikati: kwenye mipangilio, sehemu ya kuweka upya, kuna kuweka upya mtandao, yaani Wi-Fi na Bluetooth. Hiyo hufuta nywila za Wi-Fi na vifaa vyote ulivyooanisha. Picha, majina na jumbe za M-Pesa haziguswi. Ila ukiona kisanduku cha kufuta eSIM, yaani laini isiyo na kadi, usikitie alama. Na mtu akijitolea kukurudishia toleo la zamani la Android kwa kuiflashi, kimbia. Simu ya mkopo si ya kuchezewa hivyo, na data yako itaondoka nayo.

Huyo wa 14,000 sitamwita tapeli. Redio za kioo kikubwa zina raha yake, na ile yako huenda hata stesheni zetu nyingi haipati, maana FM ya Japani kwa miaka mingi iliishia megahezi 90 ilhali hapa tunapanda mpaka 108. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kununua, si hii. Kabla ya kutoa pesa, oanisha simu ya mama watoto kwa dakika tano, acheze wimbo. Jina likionekana na vitufe vikaitikia, redio yako ni nzima, na fundi alikuwa anakuuzia dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Kama simu mbili tatu tofauti zote zitashindwa, hapo nitakubaliana naye kwamba redio ina neno, lakini hata hapo pitia Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, kwanza. Kama gari lina tundu la AUX, lile la waya wa sauti, kuna vipokezi vidogo vya Bluetooth vya kuchomeka hapo, bei yake haikaribii ya redio. Chagua chenye maikrofoni, wewe ni mtu wa kupokea simu. Vile vya kurusha FM kutoka kwenye kilaita usivinunue: kwa redio ya Kijapani utabaki na upenyo wa kati ya 87.5 na 90, na humo ndani tayari kuna watu wanatangaza.

Halafu, ukiwa kwenye ile menyu ya redio, angalia kama kadi ya ramani bado imo kwenye tundu lake. Ikiwa imo, mwambie kijana asiichomoe ili aweke nyimbo zake.

Mzee wa Waya